Kabla ya kununua miche mingine, tazama visiki

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, naishi katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Tangu utoto napenda miti. Nilipokuwa mdogo kilima cha nyuma ya kwetu kilikuwa na kivuli, leo ni mawe na vumbi. Mwaka juzi nilichukua akiba yangu ya kushona nikanunua miche 150: mijakaranda, migrevilea na miarobaini. Niliipanda mwishoni mwa Machi, shuleni, zahanati na kando ya njia ya kisimani. Imebaki 11. Mingine imekauka, mingine imeliwa na mbuzi. Majirani wanasema natafuta udiwani, wengine wananiuliza mzungu wangu yuko wapi. Mume wangu hanizuii, ila amechoka kuona hela ya cherehani inafukiwa ardhini. Niendelee au niache? Na kama ni kuendelea, watu wa kuwa nami nitawapataje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na jibu langu ni kwamba uendelee. Ila usinunue mche mwingine hata mmoja mpaka mwaka mzima upite ukifanya kazi ninayotaka kukueleza hapa. Haihitaji hela. Inahitaji panga kali, macho yako, na vile vipande vya vitambaa unavyovifagia kila jioni chini ya cherehani.

Kwanza tuzungumze kuhusu ile miche 139, maana naona bado inakuuma. Haikufa kwa sababu huna mkono wa miti. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, ikichelewa Januari, na Aprili ikifika katikati huwa inakata. Kwa mwaka mzima sehemu nyingi hupata milimita 500 hadi 600 tu. Mche uliotoka kwenye kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea miche, una mzizi wa urefu wa kiriba, kama shubiri moja na kidogo. Ukiuweka ardhini mwishoni mwa Machi umeupa wiki mbili tatu za unyevu, halafu umeuachia miezi saba ya jua na upepo. Migrevilea na mijakaranda haikuumbwa kwa shida hiyo. Mchwa nao hupenda mti ulioanza kunyong'onyea kwa kiu. Nakisia kwamba hiyo 11 iliyobaki karibu yote ni miarobaini: inastahimili ukame, na kwa ule uchungu wa majani yake mbuzi huiacha akiwa na kingine cha kutafuna. Itunze. Izungushie miiba, na palilia chini yake.

Wala hukuwa wa kwanza kuzika miche. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na mingi kati ya hiyo saba haikuishi. Kutokana na mwanzo huo akina mama wa vijijini Kenya wamepanda miti zaidi ya milioni 50. Kuna wataalamu wa misitu waliosema mama asiyesoma hawezi kuotesha mti, nao akina mama wakaotesha. Lakini ninachokipenda zaidi katika kazi ile, kuliko hata Nobeli ya 2004, ni utaratibu wa malipo: mama alipewa senti chache kwa kila mche ulioshika na kuishi. Mche uliopandwa ukafa haukulipiwa. Nimefanya kazi ya misitu miaka 31, na nimehudhuria sherehe nyingi za kupanda miti. Sherehe ya kuhesabu miti iliyo hai baada ya kiangazi sikuwahi kualikwa hata moja.

Sasa twende shambani.

Miaka ya tisini nilikuwa nikigawa miche kwa gari la ofisi, upande wa Kondoa. Kijiji kimoja mzee mmoja aliipokea miche kwa heshima, akaiweka kivulini, kisha akaniomba nimfuate. Tuliingia katika shamba lake la mtama lililokwisha kuvunwa. Akasimama mbele ya kichaka cha mgunga kilichofika magotini, vijiti ishirini hivi vimesongamana kama ufagio uliosimamishwa. Akasema, "Huu naufyeka kila mwaka tangu nimuoe mke wangu. Kila mwaka unarudi. Wewe unaniletea mti ambao nikiusahau siku tatu unakufa. Kwa nini?"

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na gari, na sikuwa na jibu. Nilichuchumaa nikafukua udongo kwa mkono. Chini ya vile vijiti kulikuwa na shina nene kuliko paja langu, limekatwa na kuungua mara nyingi mpaka limekuwa kama jiwe, na bado upande mmoja gome lilikuwa bichi. Shina lile lilikuwa na mizizi iliyokwisha kushuka mita nyingi, iko kwenye maji ambayo mche wangu wa kiriba usingeyafikia kwa miaka mingi. Mti ulikuwepo tayari, kazi yetu ilikuwa kuacha kuukata.

Hiki ndicho kinachoitwa kisiki hai, na huenda jina umeshalisikia, maana shirika la LEAD Foundation wameifundisha njia hii katika vijiji vingi vya mkoa wako. Mwaka 1983, huko Maradi nchini Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo, ambaye miche yake mingi ilikuwa inakufa kama yako, alitazama vichaka vya shambani akatambua kuwa ni miti iliyokatwa inayotaka kurudi. Wakulima wa Niger walianza kuilea badala ya kuifyeka, jirani akamwiga jirani, na katika miaka kama ishirini miti ilirudi kwenye hekta zipatazo milioni 5. Walikuwa wakulima wa kawaida wa mtama na uwele.

Fanya hivi. Nenda shambani kwenu kabla hamjaanza kuberega, yaani kusafisha shamba kabla ya kupanda, maana ni wakati huo ndipo visiki hivi hufyekwa na kuchomwa. Tafuta kisiki chenye machipukizi mengi. Usianze kukata. Kaa chini kabisa utazame kila chipukizi linapoanzia. Unatafuta yale manene, yaliyonyooka, yaliyoshika chini karibu na ardhi. Lile lililoota juu ubavuni mwa shina lililooza litakuja kuchanika siku ya upepo, hata kama leo ndilo refu kuliko yote. Chagua matatu, manne, yasizidi matano. Mengine yote kata karibu kabisa na kisiki, na panga lako lipige kutoka chini kwenda juu, ukipiga kutoka juu gome litachanika mpaka kwenye mti uliotaka kuubakiza. Kisha pogoa matawi ya pembeni kwenye yale uliyobakiza, kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Usizidishe hapo. Wengi wakiona mti umenyooka wanapata tamaa, wanauacha na kishungi kidogo juu kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa, na mti unadhoofika, kwa sababu majani ndiyo jiko lake.

Baada ya hapo kazi ni kurudi. Mvua ikishanyesha kisiki kitatoa machipukizi mapya kila mahali ulipokata. Pita kila baada ya miezi miwili, uyang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Mwaka wa pili punguza mpaka ubakize mawili, wa tatu bakiza moja. Vile unavyopunguza wakati huo si takataka tena, ni fito na kuni. Chipukizi lenye mizizi ya zamani linaweza kuongeza zaidi ya mita moja kwa msimu mmoja mzuri. Kwa ekari moja ya mtama au mahindi mimi hushauri miti 16 hadi 20, iliyotawanyika. Mtu akikuambia zaidi ya hapo shambani, muulize atalima wapi.

Na hapa ndipo ufundi wako unapoingia. Mti uliopogolewa lazima uwe na alama, ili kibarua, mchungaji na mkata kuni wajue kwamba huu una mwenyewe. Chukua kipande cha kitenge chenye rangi inayoonekana mbali, nyekundu au njano, upana wa vidole viwili. Funga kwa kulegea, kidole chako kipite kati ya kitambaa na gome, kwa kuwa shina linanenepa na fundo lililokazwa linalikaba. Tumia pamba. Nailoni inadumu, lakini ukiisahau inaua mti. Pamba ikichakaa, nawe unapita kila miezi miwili, utafunga kingine. Maafisa tumekuwa tukihangaika na rangi na vibao, na wewe unazo alama za bure kila siku ya kazi. Nilipofika kwenye neno "cherehani" katika barua yako nilifurahi kwa sababu hiyo.

Sasa kuhusu watu, na hapa naomba univumilie niseme kwa urefu.

Ulianzia shuleni, zahanati na njia ya kisimani. Nia yako ilikuwa njema, ulitaka miti iwe ya wote. Lakini mahali pa wote, mbuzi akiingia hakuna wa kumfukuza. Anzia shambani kwenu. Kisha mtafute mtu mmoja tu, na usimchague rafiki yako. Mchague mama anayekwenda mbali kuliko wote kutafuta kuni. Mwambie aje siku unayopunguza machipukizi, abebe vijiti vyote unavyokata. Usimpe somo lolote. Akirudi nyumbani na mzigo wa kuni bila kutembea saa mbili, atakuuliza mwenyewe kama na yeye ana visiki shambani kwake. Anavyo. Utakwenda naye, na mara hii panga alishike yeye.

Watakuuliza maswali, na maswali yao ni ya haki. Wakulima wa mtama watakuambia miti inaleta kwelea kwelea. Usiwapuuze, ndege wale wanaweza kumaliza shamba. Waambie ukweli: kwelea hulala kwa makundi kwenye vichaka vizito na matete, na ukipogoa unakiondoa kichaka, unabaki na mti mmoja mwembamba ulio wazi chini. Watakuambia kivuli kinadhoofisha mahindi. Kivuli kizito ndiyo, ndiyo maana tunapogoa nusu na kutawanya. Mgunga kwa mizizi yake unarutubisha udongo, na majani yakidondoka yanakuwa mbolea. Akitokea asiyeridhika, mwache. Msimu ujao atalitazama shamba lako kuliko atakavyosikiliza maneno yako.

Mbuzi ni jambo zito zaidi, na nataka nikupe mifano miwili ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1979 Serikali, kupitia mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), iliondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kuziba. Ardhi ilipona, hilo sikatai. Lakini familia zilizozoea maziwa na samadi ziliamka hazina kitu zizini, na nimekutana na wazee ambao mpaka leo wakisikia "hifadhi" wanasikia "ng'ombe wako atoke". Shinyanga ilikuwa tofauti. Kuanzia 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uliwakuta Wasukuma na desturi yao ya ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Desturi ilikuwa imekaribia kufa, zimebaki hekta kama 600. Maafisa walikubali kuijenga desturi hiyo hiyo, sheria zikaamuliwa katika dagashida, baraza lao la jadi, na kusimamiwa na sungusungu, walinzi wao wa jadi, na kufikia 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Pale mfugaji alikuwa ndiye mwenye msitu, kwa sababu msitu ulikuwa chakula cha ng'ombe wake mwezi wa Oktoba.

Kwa hiyo usianze na faini. Anza na watoto wanaochunga. Hao ndio wanaojua kila kisiki kilipo, kipi mbuzi anakipenda na njia gani kundi linapita saa ngapi. Kaa nao mara moja chini ya mti, wafundishe kuchagua chipukizi, wape kila mmoja vitambaa vitano, na kila mtoto awe na visiki vyake vitano kwenye njia anayochungia, katika mashamba ambayo wenyewe wamekubali. Nimeona mvulana wa miaka kumi akimpiga mawe mbuzi wa baba yake mwenyewe kwa sababu alikuwa anasogelea kitambaa chake cha njano. Sheria ndogo inakuja baadaye, mkishapitisha msimu mzima na mna cha kuonyesha. Hapo nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, jambo lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, na likikubaliwa lipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sheria iliyotangulia miti huzaa ugomvi tu.

Maneno ya udiwani na ya mzungu yataisha yenyewe, ila kuna mambo mawili yatakayoyachochea, uyaepuke. La kwanza ni posho. Usimlipe mtu hata soda ili aje kupogoa, kwa sababu siku hela ikiisha atakata alichokilea. La pili ni haraka ya kusajili kikundi. Watakuja watu wema kukwambia kuna ile asilimia 10 ya halmashauri, mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mikopo mizuri kwa biashara, na ukitaka cherehani ya pili nenda kachukue. Lakini mkopo unadai marejesho, na mti hauna hela ya kukupa mwezi ujao. Nimeona vikundi viwili vya upandaji miti vikivunjika kwa madeni, na akina mama waliokuwa marafiki wakapita njia tofauti kwenda sokoni.

Na sasa mume wako. Ana haki, mwanangu. Hakukuzuia kupenda miti, amechoka na hela kupotea. Mwambie hela imesimama, na umaanishe hivyo. Tenga asubuhi ya Jumamosi, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na saa tatu uwe mbele ya cherehani. Usiache kushona kwa ajili ya kazi hii. Watu wengi wenye moyo kama wako nimewaona wakijitoa kwa pupa miezi sita, riziki ikayumba, na mwaka uliofuata hawakutaka hata kusikia neno mti. Cherehani ndiyo inayokuwezesha kuwatumikia wenzako bila kumwomba mtu. Tena mchukue mume wako siku ya kwanza, umwache achague yeye chipukizi katika shamba la familia. Wanaume wengi wanapenda kazi ya panga yenye matokeo yanayoonekana siku hiyo hiyo.

Kilima cha utoto wako usikiguse bado. Nenda juu yake, ukitazame tu. Tembea katikati ya mawe, fukua kwa kidole penye kijiti chochote kibichi, uone kama chini pana shina. Nina matumaini utakuta mengi, maana mawe huwa yanaficha visiki panga lisikoingia vizuri. Lakini ardhi ile si yako. Kama ni ya kijiji, ruhusa inatoka serikali ya kijiji, na uipate kwa maandishi. Kama ni hifadhi ya Serikali Kuu, usikate hata kijiti kabla ya kuonana na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mahali usipokuta kisiki chochote, hapo ndipo tutazungumza tena kuhusu kupanda, nawe utapanda mkwaju au miarobaini, Desemba, mvua ikishalowesha udongo urefu wa mkono.

Barua yako imenifikia Septemba, kwa hiyo hujachelewa. Jumamosi hii noa panga, beba vitambaa kumi, tafuta visiki kumi. Kumi vinatosha. Andika kwenye daftari kila kimoja kilipo na umebakiza machipukizi mangapi. Mei, mvua ikishakata, hesabu yaliyo hai. Novemba, kiangazi kikiwa kimefika mwisho, hesabu tena, kisha uniandikie. Namba ya Novemba ndiyo nitakayoisubiri.